Dada, Usiiwashe Kwanza

Mwanjelwa, Mbeya
Saa mbili asubuhi

Dada Eliza,

USIIWASHE HIYO KOMPYUTA. Kama umeshaichomeka, chomoa. Kama bado, kaa nayo mbali kama unavyokaa mbali na mbwa wa jirani, ndipo uendelee kusoma.

Haya, sasa salamu. Kamwene, dada yangu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na baridi ya Kihesa bado inakukunja vidole ukichapa kazi za watu? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, roho tu ndiyo inayotetemeka. Huku ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, watu wamevaa makoti mawili mawili, na mimi natokwa jasho kama mla pilipili.

Najua utajiuliza: mtaalamu mzima, anayejulikana Mwanjelwa yote, mtu aliyefika Tunduma akavuka hata ng'ambo akarudi, anaandikaje barua kwa kalamu ya kuazima badala ya kupiga simu? Nikupigie wapi, dada? Simu yako uliituma humo humo kwenye boksi la kompyuta nikubadilishie kioo, na hivi sasa imelala chali mezani kwangu, inaniangalia. Shemeji hapatikani, nadhani yuko msituni Mafinga na mbao zake. Namba za majirani zako wote zimo ndani ya simu hiyo hiyo, na kioo kimepasuka, hakisikii kidole. Ofisi ya vifurushi Iringa nimeipigia mara sita, inaita tu. Kwa hiyo barua hii nitampa konda wa basi la saa nne, aiache pale ofisini uikute pamoja na boksi lako.

Sasa nikueleze nilichofanya, na naomba usome ukiwa umekaa.

Juzi nilipompigia shemeji kabla hajaondoka, ulimnyang'anya simu ukaniuliza, "Festo, nyimbo za Baba umeshaziweka kwenye flashi?" Nikakujibu, "Nimeshaweka, dada, mimi tena?" Sikuwa nimeweka. Nilikuwa nimekusudia kuweka, na unanijua, kwangu kukusudia na kufanya ni ndugu wa tumbo moja. Flashi yako iko hapa kwenye droo, nyeupe kabisa, haina hata herufi.

Jana ndiyo nikaikalia kazi. Ile shida yako ya kompyuta kujizima katikati ya kazi ilitoka kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma la nyuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani kwa vipimo, huyu mwingi, yule kidogo, kama mama anayepakua ugali. Nikakutafutia jingine lenye nguvu. La mtumba, ndiyo, lakini mtumba wa daraja. Lile la zamani nyaya zake zilikuwa zimeotea humo humo. Hili ni la kisasa, nyaya unazichomoa pande zote mbili. Bahati mbaya mezani nilikuwa na pawa saplai nyingine ya jamaa wa studio, ya kampuni tofauti, nayo ni ya kuchomoa. Nyaya zote nyeusi. Na mimi, fundi mkubwa, nikazirundika zote kwenye ndoo moja.

Diski yako, yenye nyimbo, nikaiweka pembeni kwanza kwa usalama. Unaona akili zilikuwepo. Nikachomeka waya mpana wa mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, nikachomeka ule wa mraba wa prosesa, ubongo wa mashine, nikawasha. Feni ikazunguka, kioo kikaandika maneno. Nikajipigia makofi. Nikazima, nikaichukua diski, nikatia mkono kwenye ndoo, nikatoka na waya wake. Dada, waya uliingia kama mguu kwenye kiatu chake cha siku zote. Nasi mafundi wa huku tuna usemi wetu: waya ukiingia bila kulazimishwa, ni wa hapo.

Nikiwa nanyoosha kidole niwashe tena, nijaribu na diski, nitoe nyimbo, umeme ukakatika. Hapo hapo konda akapaza sauti kutoka barabarani, "Injinia! Mzigo uko wapi? Tunaondoka!" Mtu akiniita injinia mbele za watu, mimi siwezi kumwambia subiri. Nikafunga boksi kwa mpira mwekundu, nikapiga fundo lile la Baba la kufungia mbuzi, nikakabidhi. Nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Asubuhi hii nikaunga mashine ya jamaa wa studio kwa nyaya zilizobaki. Kwa kujaribu nikamwekea kidiski changu kikuukuu kisicho na kitu ila video za mechi za mpira. Nikawasha. Harufu ikaja kama ya kucha inayoungua, halafu moshi mwembamba, halafu kimya. Nikachukua mita nikapima. Tundu la volti tano likasoma kumi na mbili. Nikapima tena. Kumi na mbili.

Ndipo nikaelewa. Mdomo wa upande wa diski ni mmoja dunia nzima, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga matundu yake inavyotaka. Waya unaingia vizuri tu, kisha unapeleka umeme mahali pasipo pake. Waya wako ninao mimi. Waya wa jamaa wa studio uko kwako, umeshika diski ya nyimbo za Baba, unasubiri mtu abonyeze.

Sihitaji kukueleza kilichomo humo. Madaftari yalishaliwa na mchwa. Ni wewe uliyechapa kila wimbo, do na re na mi, jioni baada ya jioni ukishafunga duka, macho yanauma. Zile za zamani wazee wa kwaya labda watakumbuka kipande hiki na kile. Lakini ule wa mwisho, aliotunga akiwa kitandani, akikutajia nota kwa kupiga kidole kwenye ubao wa kitanda, haujawahi kuimbwa. Haumo kwenye koo la mtu yeyote. Umo kwenye diski hiyo tu.

Saa nne kasoro

Ofisi ya vifurushi imepokea! Binti mmoja, sauti kavu.

"Boksi lenye mpira mwekundu?" akasema. "Limeshaondoka, kaka. Mama kalipakia kwenye bajaji sasa hivi."

"Kaelekea wapi?"

"Kwake. Sasa mzigo ataupeleka kutalii?"

"Mkimbilie umwambie asiwashe!"

"Nimkimbilie na dirisha langu nimwachie nani? Wewe si ndiye uliyeufunga?"

Akakata. Kweli, ni mimi niliyeufunga.

Kwa hiyo barua ya kuachwa ofisini haina faida tena, kwa sababu wewe huna shida tena na ofisi. Nimekata tiketi. Waya wa kweli uko mfukoni, simu yako iko mfuko wa pili. Miaka minne nimekuwa nikikwambia siji kwa sababu ofisi yangu haiwezi kubaki bila mkubwa. Dada, ofisi yenyewe ni meza moja chini ya ngazi za duka la mitumba. Nimeifunika kwa turubai, nikamwomba muuza soksi aiangalie. Imechukua dakika mbili. Ningeweza kuja siku yoyote.

Ndani ya basi

Usishangae mwandiko, barabara ndiyo inayoandika.

Ulivyomwita mwinjilisti aje kuombea friji, nilikucheka wiki nzima. Nilisema utaombea hata ndoo ya kuogea. Leo nakuomba, dada, uwe bado na tabia hiyo. Iombee. Ita kwaya, ita mtaa, ombeeni kompyuta hiyo kwa mapambio na ushuhuda wa kila mmoja. Mwinjilisti huwa anatoka shambani jioni, na wewe huwashi kitu kabla hajakiombea, hilo ndilo tumaini langu. Na mimi huku nasali sala ambayo nadhani Mungu hajawahi kuisikia kutoka nchi hii: Bwana, kata umeme Kihesa.

Chimala amepanda mama mmoja wa Kisukuma, wale wafugaji waliohamia Usangu zamani, akakaa karibu yangu na mfuko wake wa mchele. Kanitazama kidogo tu.

"Kijana, wewe una mgonjwa?"

Nikamwambia sina, nikamweleza mambo ya waya. Kanisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha.

"Kwa hiyo ng'ombe wawili weusi," akasema, "ukawalaza zizi moja bila alama, asubuhi ukampa dada yako ng'ombe wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Na unasema wewe ni fundi."

"Mkubwa tu."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akauliza, "Dada yako huyo, yeye alisomaje?" Nikasema alisoma mpaka darasa la saba, akaacha ili mimi niende sekondari, na mimi nikatoroka kidato cha pili kwa sababu niliona najua kuliko mwalimu. Hapo hakucheka. Kafungua mfuko wake kanipa kiazi cha kuchemsha. Nimekishika mkononi tangu Igawa mpaka Makambako, hakipandi wala hakishuki.

Tumepita Mafinga. Nimechungulia dirishani kama nitamwona shemeji kwenye marundo ya mbao, kama vile mtu mmoja anaonekana hivi hivi. Kila mji tukiingia naangalia kama taa za madukani zinawaka. Zinawaka zote. Watu wa umeme leo wamefanya kazi kuliko siku zote za maisha yangu.

Karibu na Ifunda

Adabu ya barua ni salamu, na sijui kama nikifika nitakuwa na uso wa kuzitoa, basi ziandikwe. Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie mbao zake zisimsahaulishe kuchaji simu. Msalimie Mama Mdogo anayepika kule Tosamaganga, mwambie yale maharage yake nayaota. Msalimie Shangazi muuza pombe ya ulanzi, ila usimweleze habari hii, maana akiijua yeye imejulikana na wateja wake wote. Na Mjomba mzee wa kanisa, aliyesema siku naondoka kwamba mdomo wangu utafika kabla ya miguu yangu. Mwambie leo miguu imejitahidi.

Kihesa, nje ya duka lako

Dada, naandika nimeegemea ukuta wako. Toka kituoni nilipanda bodaboda, kona ya mwisho nikashuka nikakimbia.

Dirisha la wateja liko wazi. Ninawaona: wewe, mwinjilisti na mama wawili wa kwaya. Mmesimama mmeizunguka meza, macho mmefumba. Kompyuta imefunikwa kile kitambaa cheupe cha kufuma, na mpira wangu mwekundu umewekwa pembeni, umekunjwa vizuri. Taa ya kompyuta haijawaka. Nimeitazama mara tatu kama nilivyotazama ile mita. Haijawaka. Mwinjilisti ameshapita kwa wagonjwa, ameshapita kwa wasafiri, nilidhani anamaliza, kumbe kakupisha wewe uombe. Na nimekusikia. Umesema, "Bwana, ibariki mikono ya Festo mdogo wangu. Unajua maneno yake ni mengi, lakini akisema amefanya, amefanya."

Sikuthubutu kuikatiza sala hiyo. Nikapitisha mkono katikati ya nondo, nikaifikia ekstensheni yako pale chini ya dirisha, nikaichomoa ukutani taratibu. Hakuna aliyefumbua macho.

Mkisema Amina utabonyeza na haitawaka. Usishtuke, usimlaumu mwinjilisti. Plagi ninayo mimi hapa nje. Nyimbo zimo humo, hazijaguswa. Kesho kabla ya chai nitaweka waya wake wa kweli, nizitie kwenye flashi wewe umesimama hapo unaangalia, na sitasema nimeweka mpaka uzione kwa macho yako.

Karatasi hizi nazisukuma dirishani. Zisome zote, usiruke palipo na aibu. Ukimaliza, kama bado una mdogo wako, njoo unifungulie. Nina njaa, nina baridi, na mkononi nina kiazi cha mama wa Chimala, tutagawana.

Ni mimi,
Festo wako, fundi wa chini ya ngazi