Orodha ya Waliohudhuria

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kuku wamepata pumba, mimi chai bila maziwa. Nilisali nusu ya rozari tu. Mungu anisamehe uvivu.

Shefu wa kijiji alileta barua ya meri, ofisi ya meya. Mji wa Kalemie unataka kusogeza mpaka wake. Watu wamezidi, hasa wale wanaofika kwa mashua kutoka kaskazini wakikimbia vita, na viwanja vimekwisha. Kijiji chetu kitakuwa mtaa wa mji. Mkutano ni Alhamisi, kanisani. Shefu ananiomba niwe mwandishi, kwa kuwa nilifundisha shule ya misioni na mwandiko wangu unasomeka. Nilikubali. Siwezi kumkatalia mtu aliyekuja kwa miguu katika mvua.

Barua ile sikuipenda. Haitaji popote mashamba ya bondeni. Kijiji kizima kinakula kutoka bonde lile. Mimi pia. Shamba la marehemu mke wangu Veronika liko huko. Alilifyeka mwenyewe kabla hatujapata mtoto wa kwanza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkutano umefanyika. Mtumishi wa meri, kijana mwenye adabu, alitundika ramani ubaoni. Barabara, mabomba ya maji, umeme. Mzee mmoja aliuliza habari za bonde. Jibu: "Papa, ile tutaiona kwa plan." Hatukuona lolote.

Nyumba kumi na tisa ndizo zilizoleta mtu. Wengine walikuwa sokoni, wengine ziwani, wengine walizuiwa na matope. Nyumba zetu ni arobaini na mbili. Katika orodha ya waliohudhuria nimeziandika zote. Ndivyo tufanyavyo hapa katika daftari la matanga: aliyefika anaandikwa, asiyefika anaandikwa pia, ili nyumba yoyote isionekane imewadharau wenzake. Daftari lile nimelishika miaka mingi. Mkono haukusita. Chini nikathibitisha kwamba orodha ni ya kweli, nikatia sahihi.

Kijana alisifu mwandiko. Nilifurahi, lazima nikiri.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama Kabwe amerudi. Ni jirani yangu, mjane kama mimi. Alikuwa Mpala akimuuguza dada yake. Ameniletea ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokauka vizuri.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nimemwandika mkutanoni. Alicheka hadi akashika mlango. "Papa Mwalimu, miye nilikuwa Mpala, na tena nilikuwa hapa? Hata Padri hana ile dawa." Nilicheka naye.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Vijiti vyenye rangi nyekundu bondeni. Wapimaji walisalimia vizuri, kisha wakakanyaga matuta. Kijiti kimoja katikati ya muhogo wa Mama Kabwe. Viwili katika shamba la Veronika. Bonde zima linakatwa viwanja. Katika ramani hakuna neno shamba. Imeandikwa: makazi.

Nina hofu. Sijui kuieleza vizuri zaidi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Tumeandika barua ya kupinga. Shefu aliuliza watu wa mjini wanaojua sheria. Wanasema hivi: ikiwa nyumba nyingi hazikuhudhuria, meri italazimika kuitisha mkutano mwingine, na huko tunaweza kukataa kutoa bonde. Zisizohudhuria ni ishirini na tatu. Zaidi ya nusu.

Niliandika kwa Kifaransa, nakala mbili, pamoja na majina ya nyumba hizo ishirini na tatu, bila kufuta neno. Mama Kabwe alikuwa wa kwanza kutia dole gumba. Watu walinishika mkono mmoja mmoja. Muda wote ule sikuikumbuka orodha. Ninaandika haya baada ya kula, na ndipo imenijia.

Labda hawataitazama.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Waliitazama.

Nilipeleka barua meri kwa pikipiki, na suti yangu ya misa. Mama mmoja wa biro, karani wa ofisi, alinipa kiti. Alisoma barua yetu hadi mwisho. Akafungua faili, akatoa orodha, akaweka kidole kwenye jina la kwanza la barua, kisha kwenye jina hilohilo katika orodha. Akafanya hivyo kwa majina yote ishirini na matatu. Hakuharakisha.

"Papa, hawa wote walikuwapo. Na hakuna aliyepinga. Hii sinyatire ni yako?"

Sahihi ni yangu. Nilimweleza habari za daftari la matanga. Alisikiliza. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa Papa, ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?"

Nilisema samahani. Nadhani nilisema mara nne au tano. Alinishauri niandike ungamo kwamba orodha si ya kweli, nilete Jumatatu. Akaniambia pia kwamba kuandika uongo katika karatasi ya serikali ni kosa la kufungwa, na kwamba ananionea huruma kwa umri wangu.

Nitaandika.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Baada ya misa niliomba ruhusa ya kusema. Nilisimama mbele na kuwaeleza wote nilichofanya. Nilidhani watapiga kelele. Hawakupiga. Watoto walitolewa nje.

Mama Kabwe alisema akiwa ameketi: "Papa Mwalimu, ile heshima yako inaota muhogo? Tutaitwanga unga, tutafanya bukari?" Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Kisha akasema: "Ungeniacha Mpala. Kule njo nilikuwa."

Ana haki. Nimelirudia neno lake kutwa nzima na halina kosa.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nilipeleka ungamo. Nilikuwa nimefunga nguo mbili kwenye mfuko, endapo watanifunga. Hawakunifunga. Faili ilikwisha kupelekwa kwa gavana Jumamosi. Mama wa biro aligonga muhuri kwenye ungamo langu, akaliweka ndani ya jalada jipya lisilo na karatasi nyingine. Nilimuuliza litasomwa na nani. "Litakaa, Papa."

Nilishukuru. Sijui nilishukuru nini. Ni mazoea.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Tumepewa juma moja kutoa mimea. Muhogo wa mwaka huu haujakomaa, mizizi ni kama vidole. Watu wanang'oa hivyohivyo. Nilikwenda kumsaidia Mama Kabwe. Hakunifukuza, wala hakunisalimia. Tulifanya tuta kwa tuta, yeye upande wake, mimi upande wangu. Saa sita alibeba kapu lake akaondoka.

Shamba la Veronika nimeliacha la mwisho. Mgongo unauma.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Homa. Sikutoka.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Asubuhi bila mvua. Nilishuka bondeni. Mtu mmoja alikuwa akichimba msingi kati ya vile vijiti viwili vya shamba la Veronika, akitumia kipande cha bati. Ametoka Uvira na mke na watoto wanne. Mashua iliwaleta bila chombo chochote cha kazi. Nilirudi nyumbani nikamchukulia jembe na chepeo ya kuzolea udongo.

Aliuliza shamba lilikuwa la nani. Nilimwambia. Aliacha kuchimba, akavua kofia, akaniomba radhi. Nilimwambia kosa si lake.

Udongo ule ni mlaini, haukumpa taabu. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza upande mmoja. Nilimwonyesha mahali maji ya kijito yanapotuama, ili asielekeze mlango huko. Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikamtazama akichimba upande wa pili.