Chokaa ya Shimo la Uani

Jumatatu, 3 Novemba
Nimejaza kalenda ya simu kama kila siku: mafundi saba, kuta mbili, mvua tangu saa nane. Mwaka wa pili sijaruka siku. Nikitafuta "mlango", naletewa kila mlango tuliokarabati hapa Mji Mkongwe. Bosi anaringa nayo kwa wageni. Na mimi naringa. Humu daftarini naandika yasiyoingia kule.

Jumanne, 4 Novemba
Plasta ya ngazi, nyumba ya Shangani, imeporomoka yote. Hakuumia mtu. Chokaa mbichi. Yetu huloweshwa shimoni miezi sita ndipo ipakwe, na hii ilitoka shimo la uani. Bosi amemwambia Fundi Haji asije mpaka aitwe. Miaka thelathini na mwiko mkononi, akaufuta, akaondoka. Kalenda yangu inasema shimo lilitimia Septemba. Basi kosa si langu. Nimepumua.

Jumatano, 5 Novemba
Sikupumua sana. Septemba ile Haji aliniambia, "Bado, Bi Rukia, haijaiva." Nikamjibu simu haisahau.
Nimetafuta "uani". Julai nilipita kila shimo nikimuuliza lilitiwa maji lini. Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema: Mfunguo Tatu. Chini yake, kwa mkono wangu: Machi.
Mfunguo Tatu ni mwezi wa Iddi Kubwa. Mwaka huu uliandama mwisho wa Mei. Mimi niliyelelewa na bibi anayehesabu kwa mifunguo nimeuona "tatu" nikakimbilia mwezi wa tatu. Angenizaba kofi.
Chokaa ilikuwa na miezi mitatu tu ilipopakwa.

Alhamisi, 6 Novemba
Bosi anataka kumbukumbu zote kesho kabla ya sala. Akiisoma kama ilivyo, Haji anarudi na mimi naondoka. Nikifuta mstari mmoja, ule wa Mfunguo Tatu, Haji ndiye mzembe. Nimegusa "futa" mara mbili, nimeghairi mara mbili. Najichukia.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimempa simu, ukurasa wenyewe ukiwa wazi. Kasoma mara mbili, kavua miwani. Kuanzia Jumatatu niko stoo. Haji arudi kazini; nikamwambie mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba
Mkokotoni, nyumbani kwa Haji. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Marahaba. Nikaeleza yote nikitazama miguu yangu.
"Nlijua haijaiva," kasema. "Nami nikaipaka. Nlichoka kubishana na simu."
Afadhali angenitukana. Mkewe akaniletea chai, nikainywa yote kwa aibu.

Jumatatu, 10 Novemba
Stoo. Nimehesabu ndoo na kamba.
Saa nne Haji kaja mlangoni, kaniita uani, kanipa mwiko wake. Nikauzamisha shimoni, nikageuza polepole. Chembe zinakwaruza chini ya chuma, nimezisikia mpaka kiganjani. "Bado haijaiva," nikamwambia. Nikamrudishia mwiko, tukalifunika shimo, yeye upande wake na mimi wangu.