Ripoti Uliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Najua ungeanza kunisahihisha hapo hapo. Ungesema "mpendwa" ni neno la kadi za harusi, na kwamba mkwe mwenye adabu huandika shikamoo, kisha hueleza shida yake. Basi shikamoo, Mama. Leo sina shida. Nina habari njema, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpa ni wewe.

Unaikumbuka siku niliyokuletea barua ya chuo? Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya uzamili ya ufundishaji wa kusoma, masomo ya likizo, Bukoba mjini. Nilitoka Muleba mpaka nyumbani Kagoma nikitabasamu peke yangu njia nzima. Nilikukuta uani unamenya ndizi. Ulifuta utomvu mikononi, ukaisoma barua yote, ukaikunja ukanirudishia.

"Yaani una shahada, una miaka tisa darasani, halafu unakwenda Bukoba kujifunza kufundisha a, e, i, o, u?"

Nikajibu ndiyo.

"Na mimi niliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne bila kwenda huko, nilikuwa nafanya nini?"

Ukarudi kwenye ndizi zako. Jioni ile ulinipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Ndivyo ulivyokuwa ukigomba.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Tangu niolewe, kila mgeni alipofika ulinitambulisha hivi: "Huyu ni omukamwana wangu." Mke wa mwanangu, basi, maelezo yameisha. Wewe kijiji kizima kilikuita Mwalimu, kuanzia paroko hadi mume wangu uliyemzaa mwenyewe. Mimi nilikuwa na vyeti, ajira na vumbi la chaki kwenye sketi, lakini kinywani mwako sikuwa mwalimu. Stashahada ile niliitaka kwa ajili ya watoto wangu wa darasani, hilo ni kweli. Lakini niliitaka pia ili siku moja uniite mwalimu. Mtu mzima, mama wa mtoto, na bado nilikuwa nikililia sifa zako kama mtoto wa chekechea.

Basi kila Juni na kila Desemba nilikuachia mjukuu wako Koku, nikaenda. Tulikuwa walimu ishirini na saba, wengine kutoka Rubafu, wengine kutoka visiwani, wenye mvi na wenye mimba, tumebanana kwenye viti vya wanafunzi. Siku ya kwanza mkufunzi alitugawia ukurasa wa lugha ambayo hakuna aliyeijua, hata herufi zake hatujawahi kuziona, akatuambia tusome kwa sauti. Walimu wazima tukatoa macho. Mmoja akaomba ruhusa ya kwenda chooni, asirudi mpaka zoezi likaisha. Mkufunzi akasema, "Sasa mmejua mtoto wa darasa la kwanza anavyojisikia Jumatatu asubuhi."

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Aliyekimbilia chooni ni wewe?" ukauliza. Nilikataa kwa nguvu zote. Mama, alikuwa ni mimi.

Desemba, msimu wa senene, ulinitumia kopo zima la senene wa kukaanga. Darasa lote lilinisubiri nilifungue. Juu yake ulikuwa umebandika karatasi yenye maandishi yako yale yaliyonyooka: KWA MWANAFUNZI. Wenzangu walicheka wiki nzima, na senene wakawala siku moja.

Kisha ikaja kazi ya mwisho. Kila mmoja wetu alitakiwa kumfuatilia mtoto mmoja anavyosoma, aandike ripoti, aiwasilishe mbele ya wenzake. Mimi nilimchagua Koku. Alikuwa karibu, na, nisamehe, nilitaka kujisifu. Ana miaka sita na anasoma kitabu kizima bila kukwama! Ulikuwa umemfundisha mwenyewe, kwenye mkeka, kitabu kile cha mbuzi aliyepotea, kila siku baada ya uji. Majirani walikuja kumsikiliza.

Nikakaa naye, nina fomu, nina saa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Nikafunga kitabu taratibu nimuulize swali kama tulivyoelekezwa. Koku akaendelea kusoma. Alisoma ukurasa wa tatu kitabu kimefungwa, akasoma wa nne, akasema "Mwisho," na kupiga makofi mawili kama unavyopiga wewe. Nikaandika neno moja kwenye karatasi, "mbuzi", nikamwonyesha. Akalitazama kwa huruma.

"Mama, hili halina picha."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtoto alikuwa amekikariri kitabu chote kwa sauti yako, na herufi alikuwa bado hajafahamiana nazo. Jioni mbili mfululizo niliandika ripoti. Niliandika kwamba mlezi wa mtoto hutegemea kuimbisha na kukaririsha, kwamba yeye na mama wa mtoto, wote walimu, walidhani mtoto anasoma, na kwamba huenda watoto wengi waliofundishwa hivyo walihesabiwa wanajua kusoma mpaka siku walipobadilishiwa kitabu. Nilikusudia mswada ule uende Bukoba ndani ya mkoba wangu bila wewe kuuona. Halafu Jumapili nikausahau mezani.

Karatasi mbele yako haijawahi kulala bila kusahihishwa. Niliporudi kutoka kisimani niliukuta palepale mezani, umepangwa vizuri, na wekundu wa kalamu yako umejaa kila ukurasa. Wewe ulikuwa nje unapepeta maharage, unaimba. Nilisoma nimesimama palepale. Kwenye sentensi yangu ya mistari minne uliandika, "Pumua." Kwenye "mlezi wa mtoto" uliandika, "Ana jina." Nikafika kwenye ile aya ya kukaririsha, ile niliyoiogopa. Pembeni yake ulikuwa umeweka alama ya vema, kubwa, kama ya mtoto aliyepata hesabu zote. Na chini kabisa: "Kumi na nne kwa ishirini. Ni kweli. Vaa viatu, kuna mtu nataka umwone."

Tulipita vibanja vitatu vya migomba, wewe mbele. Nilidhani unanipeleka kwa wazee nikashtakiwe. Ukasimama kwenye uwanja wa mzee wetu Ta Projesti, aliyekuwa akianika kahawa, mtu mwenye wajukuu sasa. Alipokuona alivua kofia haraka, kama mtoto aliyekutwa anakula darasani.

"Projesti," ukamwambia, "ulikuwa mwanafunzi wangu, nikashindwa kukufundisha kusoma. Ulipoacha shule sikukufuata nyumbani, na lilikuwa kosa langu. Leo nimekuletea mwalimu."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu. Kweli, Mama, niligeuka! Hapakuwa na mtu ila migomba.

Ta Projesti alishika kichwa. "Waitu, Mwalimu, mimi tena? Na uzee huu?"

"Jumamosi saa tisa," ukasema. "Uje umekula."

Njiani kurudi nililia kidogo, ukajifanya huoni. Sikukuomba msamaha kwa ile aya, nawe hukuniomba kwa miaka yote ya "omukamwana." Ulinionyesha tu mahali ambapo kazi yako ilibaki, ukaniachia. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, hata siku nilipovaa joho.

Ripoti niliiwasilisha ikiwa na jina lako, kama ulivyotaka. Wenzangu waliuliza maswali mengi juu yako kuliko juu ya Koku. Niliwaimbia nyimbo zako za herufi, na mkufunzi akasema tatizo halikuwa nyimbo. Ziliachwa hewani tu, zilihitaji kidole kinachoonyesha herufi wakati mdomo unaimba. Nilipokuletea maneno hayo uliguna, lakini kesho yake nilikuona kwenye mkeka na Koku, unaimba, na kidole chako kinatembea kitabuni.

Na zile Jumamosi zetu! Koku na Ta Projesti benchi moja, mtoto anamnong'oneza babu wa watu majibu, wewe upo mlangoni unachambua mchele uleule kwa saa mbili. Nilianza na maneno anayoyaishi mzee: kahawa, kibanja, gunia, mvua. Siku aliposoma "gunia" bila msaada, ulimwaga mchele wote.

Masika yaliyopita ulituacha, taratibu, bila kumsumbua mtu. Nakukumbuka sana, Mama. Nakukumbuka hasa ninapoandika sentensi ndefu. Nyumba ina ukimya ambao haijauzoea, na hakuna wa kunigombeza kwa kunijazia sahani. Nilidhani Ta Projesti naye ataacha, maana alikuwa akija kwa kukuogopa wewe. Jumamosi iliyofuata mazishi, saa tisa kamili, alikuwa mlangoni. Amekula.

Basi hii ndiyo habari yenyewe. Jumamosi iliyopita alikuja na kitabu cha zamani, kimeliwa pembe na mende, alichokitoa kwenye sanduku la marehemu mama yake. Nikamwonyesha benchi. Akakataa kukaa. Alisimama wima, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akausoma wote, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Alikwama mara mbili, akajikwamua mwenyewe. Alipomaliza nilimpigia makofi, Koku akaruka juu, lakini yeye akabaki amesimama.

"Kaa basi, Ta Projesti."

"Ukurasa huu ndio ulionitoa shuleni," akasema. "Mwalimu aliniambia nisimame, nisikae mpaka niumalize. Kengele ikalia bado nimesimama. Nikaenda nyumbani, sikurudi. Sasa nimeumaliza, lakini aliyenisimamisha hayupo. Nani ataniruhusu?"

Nilitamani uingie kwa mlango ule, na ungo wako mkononi. Hukuingia. Nikajikaza, nikanyoosha mgongo jinsi unavyonyoosha wewe, nikasema, "Projesti, umefaulu. Kaa chini."

Akakaa, Mama. Akaweka kofia magotini, akapumua kwa nguvu, akabaki anautazama ule ukurasa kwa furaha.

Nimekuandikia ili ujue kwamba amekaa. Nawe pumzika sasa.

Ni mimi, omukamwana wako,
Mama Koku