Mama Mkwe Alipopiga Magoti

S.L.P. 317,
Songea.
14 Septemba, 1993.

Mpendwa kaka Hironimus,

Shikamoo. Habari za huko Mwanza? Wifi Leticia na watoto hawajambo? Na kile kifua chako, kimetulia? Sisi hapa Lizaboni wazima. Mama analalamikia miguu, lakini kanisani hakosi.

Kaka, nina habari za Rupert. Unajua mdogo wetu alivyokuwa anavuta. Siku hizi za biashara ruksa sigara zimejaa kila kibanda, na pale anapouza mitumba Msamala alikuwa akizima moja anawasha nyingine. Kijana wa miaka thelathini, uso umemsinyaa, mikunjo imezunguka macho na midomo, ngozi imefifia kama ya mgonjwa. Tukimwambia, anasema ni jua la sokoni. Jua gani hilo linalomchagua yeye peke yake!

Basi mwezi wa nne tukaenda Hanga kumposea mchumba wake, Careen, na baba mdogo Fransisko ndiye mshenga. Tulipofika tu, mama yake Careen akatoka na jagi la maji, akampita baba mdogo, akapiga magoti mbele ya Rupert. "Shikamoo baba." Kisha akauliza, kwa heshima zote, kijana mwenyewe tumemwacha wapi.

Hee! Mama mkwe kumpigia magoti mkwewe! Rupert alishindwa kuitikia, akashindwa kukataa. Baba mdogo alipoeleza, yule mama akainuka na kusema binti yake hamwozi kwa mtu wa rika la baba yake. Careen alikuwa anachungulia jikoni, analia. Na mimi nikalia.

Tulipofika nyumbani Rupert akatupa pakiti yake chooni. Nesi wa zahanati hakumficha: moshi unabana mishipa ya damu, ngozi inakosa chakula. Mikunjo iliyokwisha kukaa haitafutika yote, ila akiacha, rangi itarudi na hatazeeka mbio hivyo. Weee, Rupert alikuwa mkali siku hizo! Kutwa anatafuna mihogo mibichi, ukimsemesha anakufokea. Aliteleza pia, sikufichi. Lakini akaanza upya, na sasa uso umechangamka hata wateja wanamtania.

Jumapili iliyopita tukarudi Hanga. Yule mama akatoka, akamtazama Rupert, akamtazama tena. Akabaki amesimama. Rupert akachuchumaa: "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nikapiga kigelegele kabla hata posa haijatajwa, baba mdogo akanifinya.

Harusi ni Januari, na wewe kaka mkubwa utakaa mbele. Ila picha yako ya Pasaka tumeiona, sigara kidoleni. Mama aliuliza huyo ni babu gani. Kaka, nakupenda, na kifua hicho kinanitia hofu. Anza kuziacha leo hii.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu. Mama anakuombea Mungu akufikishe kwetu salama, mzima wa mwili.

Dada yako akupendaye,
Lidwina.

Nilisahau: siku ya harusi anayepokea wageni mlangoni ni yule yule mama mkwe. Na huyo hachelewi kupiga magoti.