Siku Lori la Baba Yako Lilipotupita

Mwanangu Zena,

Barua yako imefika kwa treni ya Alhamisi, nami nimeisoma mara tatu. Unasema unaacha chuo cha ualimu urudi Tabora, tumuuguze baba yako pamoja, kwa kuwa kiharusi kimemlaza na mimi nimechoka. Kabla hujafunga sanduku, nisikilize.

Unakumbuka ulivyoanza shule? Ulikuwa na miaka saba. Kila asubuhi lori la baba yako lilipita mbele ya shule likienda Ipole kuchukua asali na nta, nyuma tupu, mbele amekaa yeye na dereva wake tu. Nilimwomba akuchukue. Akasema, "Mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume. Anayetaka asome, ampeleke mwenyewe."

Basi nikakupeleka. Nilitoa baiskeli aliyoniachia marehemu mjomba wako, nikakunja gunia nyuma upate pa kukalia, nikakufunga kiunoni kwangu kwa kanga. Sokoni wanaume waliita, "Tazameni, mke wa mzee wa nta amekuwa bibi wa misheni!" Bi Mwanne muuza vitumbua peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Twende, mwanangu, usisimame!" Nikakanyaga, jasho linanitiririka ndani ya baibui, nawe unacheka mgongoni kwangu. Nikishakushusha nilirudi polepole, maana nilijua nikiingia ndani sitoki tena mpaka kesho.

Kisha ile asubuhi ya mvua, karibu na reli. Gurudumu lilizama topeni tukaanguka, ukachubuka goti. Lori likatokea nyuma yetu. Ukasimama unapunga mikono yote miwili, "Baba! Baba!" Likapunguza mwendo, halafu likatupita.

Ukaniuliza, "Mama, baba hakutuona?"

Nikakujibu, "Hakutuona, mwanangu. Kioo kilijaa maji."

Nilikudanganya, Zena. Alitutazama. Macho yangu na yake yalikutana. Jioni aliifungia baiskeli ghalani, akaniambia, "Leo umenivunjia heshima mbele ya dereva wangu." Wewe nikakuambia imeharibika. Hukulia. Ukaanza kwenda kwa miguu pamoja na watoto wa jirani, nami nikabaki ndani.

Sasa hawezi hata kugeuka bila mikono yangu. Hakuna wa kunizuia, na siku nyingine nafika mlangoni, nasimama, nisijue niende kwa nani. Kwetu hakuna aliyebaki. Akiniita, narudi. Kama ni huruma au ni mazoea, sijui, nimeacha kujiuliza.

Jana ulimi ulimfunguka kidogo akasema, "Zena atakuja. Kazi ya binti ni kukaa na wazazi." Alisema kwa upole, kama mtu anayenipa habari njema. Nilimlisha uji wake ukaisha, nikaenda kwa jirani kuomba kalamu.

Sikuandikii haya ili umchukie. Mwombee dua. Mwandikie, nitamsomea. Likizo ukija, mpe shikamoo yake, kaa siku tatu, kisha upande treni. Lakini kuja kukaa, hapana. Utaanza kwa kusema ni mwezi mmoja tu, hata mimi nilisema hivyo nilipoletwa hapa bibi harusi. Mmoja anatosha humu ndani.

Usinijibu kwa maneno mengi. Niandikie neno moja tu: nimebaki.

Mimi, mama yako