Mawe ya Shamba la Watoto

Sorcha, uko? Nimefanya balaa.

Unalijua lile shamba la nyuma, Páirc na Leanbh, Shamba la Watoto? Mimi nikajua watoto walikuwa wakicheza pale! Leo nikawafungia wanangu bembea.

Mama mkwe akaja mbio na ndara kwenye matope. Attracta, ambaye hajawahi kukanyaga pale!

"Ondoa hiyo."

"Mama, si shamba la watoto?"

"Watoto gani, wewe? Ni la waliokufa hawajabatizwa. Padri aliwakatalia makaburini, baba zao wakaja kuwazika hapa kwa kificho. Wangu yuko hapa."

WAKE, Sorcha!! Hata mume wangu hajui.

Halafu akaangaza macho. "Lile jiwe jeupe nililomwekea liko wapi?"

Yale mawe ya pale shambani, Sorcha. Niliyaokota yote asubuhi, nikazungushia maua yangu. Nikamwambia.

"Ulilitoa wapi?"

Nikaangalia shamba lote.

"Mwanangu, ulilitoa wapi?"

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki.

Namwona dirishani. Mvua inanyesha. Jiwe amelipata, amelikumbatia kifuani, anazunguka nalo shambani, hajui alirudishe wapi.