Mafuta Katika Damu ya Dada

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo, na kile kikohozi? Mimi nimo tu, nasukuma siku. Daktari amenipima damu tena, mafuta yamepanda. Anasema watafiti wanashuku saratani kama hii yangu ikipata damu yenye mafuta mengi hunenepa humo, ikapata nguvu za kuhama kutoka titini. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nimeilisha mwenyewe?" Akaniandikia vidonge vya kushusha mafuta.

Wewe unashinda maabarani. Niambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa; niliyo nayo yanatosha.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Kikohozi kimeondoka, umebaki wasiwasi juu yako. Ni kweli, hapa tunaona panya waliolishwa mafuta saratani yao ikisambaa upesi. Kwa binadamu bado watu wanabishana. Meza vidonge, moyo wako unavihitaji vyovyote iwavyo. Ila usijihukumu. Hata watu wembamba kama ufito wanaugua. Kula, tafadhali.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Samahani kwa kimya.

Neno "kula" nililiruka. Nikabaki na mboga za kuchemsha na maji, hata chumvi nikaionea shaka. Wiki iliyopita nilianguka juu ya cherehani, sare ya mtoto wa watu ikachanika begani. Fundi mwenzangu akanibeba hadi hospitali. Daktari akafoka: "Mafuta yameshuka, mama, na wewe umeshuka nayo!"

Kisha akaleta picha. Saratani imefika nyonga.

Nimechoka, mdogo wangu. Nimekuwa askari wa mdomo wangu mwenyewe, kumbe mwizi alishapita. Nilijinyima bure?

Dada yako

9 Aprili

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa.

Sijui kama ulijinyima bure. Hakuna anayejua, na mimi nisijifanye najua. Labda ilihama kabla hujapimwa hata mara ya kwanza. Ninachojua ni kwamba dawa za sasa ni kali, na mwili wenye njaa hauzistahimili. Nimeomba likizo. Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako, na jikoni naingia mimi.

Mdogo wako

12 Aprili

Mdogo wangu,

Njoo. Njia iwe nyepesi.

Asubuhi nilikaanga yai. Nilimwaga mafuta kidogo jikoni, nikayaacha hapo hapo. Nimelila lote, machozi yakinitoka. Lilikuwa tamu. Nikakaanga la pili.

Dada yako